Tusikimbilie mlimani: Moshi wa volkano na joto tuliloliongeza kwa mikono yetu

SHUKRANI zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, Novemba 23, 2025, mlima wa Hayli Gubbi ulioko katika jangwa la Afar, kaskazini-mashariki ya Ethiopia, ulilipuka. Hakuna mlipuko wake mwingine uliopata kuandikwa na wanadamu kabla ya huo. Moshi na majivu yake yalipanda takriban kilomita 14, yakavuka Bahari ya Sham, yakapita juu ya Yemen na Oman, kisha yakafika Pakistan na India, ambako safari za ndege zilivurugika. Familia nyingi za pwani yetu zina jamaa huko Oman, na habari hizo zilitufikia kwa simu kabla ya kuzisoma magazetini.

Tangu hapo, maswali mawili yamekuwa yakijirudia katika darsa na barazani. La kwanza huulizwa na wazee: je, hii ni alama ya Kiama? La pili huulizwa na vijana wetu wa sekondari, nao wamefundishwa darasani kwamba moshi wa volkano hupoza dunia. Wao husema: ikiwa Mwenyezi Mungu ameweka milima inayopoza dunia, kwa nini tuhangaike na habari za joto na mabadiliko ya tabianchi? Si mlima mmoja tu ukilipuka mambo yatarejea sawa?

Yote mawili ni maswali ya haki na yanastahili majibu. Tutalijibu la kwanza kwa ufupi, kisha tutakaa zaidi na la pili, kwa kuwa ndani yake imo ghururi inayoweza kutuangamiza sisi na watoto wetu.

Moto wa Hijazi

Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ambamo Mtume (S.A.W.) anataja, miongoni mwa yatakayotangulia Kiama, moto utakaotoka katika ardhi ya Hijazi ambao mwanga wake utaonekana hadi Busra, katika nchi ya Sham. Mwaka 654 Hijria, sawa na mwaka 1256 Miladia, baada ya siku kadhaa za mitetemeko, ardhi ilipasuka katika uwanda wa mawe meusi ulio kusini-mashariki ya Madina. Moto huo uliendelea kwa siku 52. Mawe yaliyoyeyuka yalitiririka kama mto, kiasi cha kilomita 23, yakielekea upande wa mji, kisha yakasita kabla ya kuufikia. Imam Nawawi, aliyekuwa hai wakati huo huko Sham, ameutaja moto huo katika sharhe yake ya Sahihi Muslim.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, tangu moto ule imepita zaidi ya miaka 760 na dunia ingali ipo. Alama ni ukumbusho, wala si saa ya ukutani ya kuhesabia siku zilizobaki. Pili, wanahistoria wameeleza walivyofanya watu wa Madina: walikusanyika katika Msikiti wa Mtume, wakaomba toba, wakarudisha haki walizodhulumu na wakaacha huru watumwa. Kila mmoja alijitazama mwenyewe, na hakuna aliyeuliza ni jirani yupi aliyeleta balaa.

Huu ndio mwenendo aliotufundisha Mtume (S.A.W.). Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Mtume, akiwa katika majonzi ya mzazi, aliwasahihisha, akawafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kifo wala uhai wa mtu, kisha akawaamrisha sala na dua. Basi asisimame mtu akasema kuwa watu wa Afar wameadhibiwa. Hao ni Waislamu wenzetu, wafugaji ambao majivu yalifunika malisho ya mifugo yao. Haki yao juu yetu ni msaada na dua.

Moshi wa mlima hupozaje dunia?

Sasa tuingie katika swali la vijana. Volkano inapolipuka, gesi na majivu hutoka kwa nguvu na joto kubwa. Moshi huo huvuta hewa ya pembeni na kuipasha moto, na hewa iliyopata moto hupanda. Hupanda mpaka uzito wake ulingane na uzito wa hewa iliyouzunguka. Hapo husita na kutandaa kama mwamvuli.

Hewa iliyo juu yetu imepangwa kwa matabaka. Tabaka la chini ndilo lenye mawingu, mvua na pepo tunazozijua. Juu yake, katika nchi za joto kama zetu kiasi cha kilomita 16 au 17 kutoka ardhini, pana mpaka ambao kwa wepesi wa maelezo tutauita paa. Juu ya paa hilo huanza tabaka la pili, ambalo wataalamu huliita stratosfia: tabaka kavu lisilo na mvua. Katika Surat Al-Anbiyaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ameielezea mbingu kuwa ni paa lililohifadhiwa. Hatudai kwamba aya hiyo imekusudia mpaka huu wa wataalamu, kwani maana ya Qur'ani ni pana kuliko vipimo vyetu. Inatutosha kujua kwamba kilicho juu yetu kimewekwa kwa hifadhi na mpango.

Kinachopoza dunia hasa ni gesi ya salfa iliyomo katika moshi huo, ile yenye harufu kali kama ya kiberiti kilichowashwa. Ikibaki chini ya paa, mvua huiosha ndani ya siku au wiki chache. Ikivuka paa, hakuna mvua ya kuiosha. Hugeuka kuwa matone madogo mno ya asidi, yakakaa huko juu kwa mwaka mmoja au miwili, yakirudisha sehemu ya nuru ya jua isitufikie. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 15, 1991, ulirusha kiasi cha tani milioni 15 hadi 20 za gesi hiyo, na moshi ukapanda zaidi ya kilomita 30. Mwaka uliofuata dunia ilipoa kwa takriban nusu nyuzi ya Selsiasi.

Kwa hiyo walivyofundishwa vijana ni kweli. Mlima wenye nguvu ya kutosha kuvusha salfa yake juu ya paa hupoza dunia kwa muda, na usio na nguvu hiyo haupozi. Yote yanategemea kimo cha moshi na kimo cha paa.

Joto letu limefika hadi kwenye paa

Hapa ndipo penye mazingatio makubwa, kwa sababu kimo cha paa lenyewe sasa kinabadilika, na mkono unaokibadilisha ni wetu.

Mafuta, makaa ya mawe na gesi tunayochoma hutoa hewa ukaa ambayo huzuia joto lisitoke. Kabla ya zama za viwanda kulikuwa na takriban chembe 280 za hewa ukaa katika kila chembe milioni moja za hewa. Mwaka 2024 zilipita 420. Wapo wanaosema kuwa volkano ndizo zinazotoa hewa hiyo kuliko wanadamu, na jambo hilo si kweli: volkano zote za dunia kwa mwaka hazifikishi tani bilioni moja, ilhali wanadamu hutoa zaidi ya tani bilioni 35. Mwaka huohuo wa 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa, takriban nyuzi 1.5 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900.

Joto hilo hutanua tabaka la chini, huku tabaka la juu likipoa. Matokeo yake ni kwamba paa linapanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliotegemea vipimo vya mapulizo yanayorushwa angani, umeonyesha kuwa katika nusu ya kaskazini ya dunia mpaka huo umekuwa ukipanda kiasi cha mita 50 katika kila miaka 10.

Mwezi Agosti mwaka huohuo wa 2021, Thomas Aubry wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake, wakiwemo wataalamu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza, walichapisha uchunguzi wao kuhusu milipuko ya aina mbili. Ya kwanza ni ya wastani, inayotokea karibu kila mwaka, na mfano wake ni mlima Nabro wa Eritrea uliolipuka Juni 2011. Ya pili ni mikubwa, inayotokea mara moja au mbili katika karne, kama ule wa Pinatubo. Waliuliza: ikiwa gesi hizi zitaendelea kutolewa kwa wingi mkubwa hadi mwaka 2100, moshi wa milima hiyo utafanya nini?

Majibu yao yalikuwa ya kustaajabisha. Kwa milima ya wastani, paa litakuwa limepanda kiasi kwamba moshi mwingi utabaki chini yake na salfa itaoshwa na mvua. Nguvu yake ya kuzuia nuru ya jua itapungua kwa hadi asilimia 75. Kwa milima mikubwa, mambo yatakuwa kinyume. Tabaka la juu likiwa limepoa, halitauzuia moshi kama linavyouzuia leo, hivyo moshi utapanda juu zaidi. Mzunguko wa hewa huko juu nao utakuwa wa kasi zaidi, na matone yatasambaa upesi duniani kabla hayajaungana na kuwa makubwa. Matone madogo hurudisha nuru vizuri zaidi kuliko makubwa. Kwa hesabu yao, baridi itokanayo na mlipuko mkubwa itaongezeka kwa asilimia 15.

Tuyaseme haya kwa lugha ya nyumbani. Milima ya wastani imekuwa kama mti wa uani, unaotupa kivuli kidogo mara kwa mara. Watafiti wamekadiria kuwa kati ya mwaka 2000 na 2013 milipuko midogo iliipunguzia dunia joto la kati ya nyuzi 0.05 na 0.12. Kivuli hicho kidogo ndicho tunachokaribia kukikata kwa mikono yetu. Na milima mikubwa, ambayo mishindo yake huitikisa dunia, tunaizidishia ukali. Kitulizo kinapungua na mshindo unaongezeka.

Tunatanabahisha kuwa haya ni makadirio ya wataalamu, na elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini daktari akimwambia mtu kuwa asipoacha sukari atapoteza mguu, huyo hadai kujua ghaibu, anasoma dalili. Mwenye akili humsikiliza.

Baridi isiyo na neema

Huenda kijana akasema: basi na iwe milima mikubwa, tena baridi yake ikiongezeka ndiyo heri yetu. Tumjibu kwa historia.

Juni 8, 1783, ardhi ilipasuka mahali paitwapo Laki, katika kisiwa cha Iceland, ikaendelea kutoa moto na gesi kwa muda wa miezi minane. Salfa iliyotoka inakadiriwa kufikia tani milioni 120. Huko Iceland kwenyewe, takriban mtu mmoja katika kila watano alifariki kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Lakini msiba haukuishia huko. Nchi za kaskazini zilipopoa, pepo zinazoleta mvua Afrika zilidhoofika, na mafuriko ya mto Nile yakawa haba. Misri ikaingia katika njaa. Volney, msafiri Mfaransa aliyekuwapo, aliandika kuwa hadi mwanzoni mwa mwaka 1785 Misri ilikuwa imepoteza mtu mmoja katika kila sita, kwa kufa au kuhama. Fikirini, ndugu zangu: mkulima wa Misri, asiyewahi kuisikia Iceland, alikosa mkate kwa moshi wa huko.

Vivyo hivyo, Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi lilieleza mwaka 2021 kuwa katika karne hii yumkini utatokea angalau mlipuko mmoja mkubwa, utakaopunguza joto na pia mvua kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Baada ya hapo baridi huondoka, na joto tulilolizalisha hurudi palepale lilipokuwa, kwani hewa ukaa haioshwi na mvua kama salfa. Mwenye kuungojea mlima anangoja ukame wa miaka mitatu, kisha joto lilelile.

Kwa sababu hiyohiyo tunawatahadharisha wanaosikia habari za mpango wa kurusha salfa angani kwa ndege ili kuuiga mlima Pinatubo. Mwenye nyumba inayoungua haongezi pazia dirishani ili asiuone moto.

Mvua na majivu

Lipo jambo jingine linalozihusu familia moja kwa moja. Hewa yenye joto hubeba maji zaidi, kiasi cha asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, na ndiyo maana mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa. Mvua ikikutana na majivu ya volkano, madhara huongezeka. Siku Pinatubo ulipolipuka, tufani ilikuwa ikipita juu yake. Majivu yaliyolowa yakawa mazito kama saruji, na wengi wa waliokufa waliangukiwa na mapaa ya nyumba zao. Kama si kuhamishwa mapema kwa makumi ya maelfu ya watu, waliokufa wangekuwa wengi zaidi.

Ndugu zetu wa Ngazidja wanayajua haya. Mwaka 2005 mlima Karthala ulilipuka mwezi wa Aprili na tena mwezi wa Novemba, na majivu yakaingia katika mabirika ambamo watu wengi wa kisiwa hicho huhifadhi maji ya mvua. Hapo lilizuka swali la kifiqhi na la afya kwa pamoja. Vitabu vya Kishafii vinatufundisha kuwa maji yaliyobadilika kwa udongo au vumbi ambalo ni vigumu kuliepuka hubaki na utohara wake. Hata hivyo, utohara wa maji kwa udhu haumaanishi kuwa yanafaa kunywewa na mtoto. Kuzuia madhara ni msingi mkubwa wa sharia yetu, basi birika lifunikwe, paa lisafishwe kabla mvua haijanyesha, na maji yaliyoingia majivu yasinywewe mpaka wataalamu wayapime.

Mtoto wa Nabii Nuhu

Turejee sasa kwa kijana wetu aliyeuliza kama mlima hautatutosha. Jibu lake limo katika Surat Hud, aya ya 42 na 43. Nabii Nuhu (A.S.) alimwita mwanawe apande pamoja naye katika jahazi, na gharika ilikuwa imeshaanza. Mwana akajibu kuwa atakimbilia mlimani, nao utamkinga na maji. Baba alimweleza kuwa siku hiyo hapana wa kukinga amri ya Mwenyezi Mungu isipokuwa kwa aliyemrehemu. Wimbi likapita baina yao, na mwana akawa miongoni mwa waliozama.

Kosa la yule mwana lilikuwa la namna gani? Mlima ulikuwapo kweli, na ulikuwa mrefu kweli. Lakini aliufanya mlima kuwa badala ya toba. Jahazi lilitaka aache alichokuwa nacho na amfuate baba yake. Mlima haukumtaka aache chochote. Hivyo ndivyo anavyofikiri leo mwenye kusema: tuendelee na israfu yetu, volkano itatupoza.

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 41, Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili awaonjeshe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Tuitafakari hekima iliyomo mwishoni: tunaonjeshwa sehemu tu, na makusudio ni kurejea.

Mzigo huu haulingani kwa wote. Bara la Afrika lote hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, na baadhi ya nchi tajiri zinazotoa nyingi ni za Waislamu wenzetu wenye visima vya mafuta. Mtume (S.A.W.) ametupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini, wa chini wakataka kutoboa sehemu yao wapate maji, na wakiachwa, wote huangamia. Katika jahazi letu la leo, wanaotoboa zaidi wako juu. Lakini maji yakiingia, wa chini ndio huloa kwanza. Kwa hiyo kukataza munkari hapa ni pamoja na kuwaambia wakubwa ukweli bila kuogopa. Februari 2024, katika mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, wanazuoni wa Kiislamu walizindua waraka uitwao Al-Mizan, unaoeleza wajibu wa Mwislamu kwa ardhi. Viongozi wetu wausome, na maimamu wautolee khutba.

Nasi tulio chini tusijifanye hatuna letu. Taa na feni za misikiti zinazowaka usiku kucha bila mtu, vyakula vinavyomwagwa baada ya futari na walima, miti inayokatwa bila kupandwa mingine, haya yote tutaulizwa. Hatusemi kuwa feni ya msikiti ndiyo iliyolipandisha paa la hewa. Tunasema kuwa asiyeiogopa israfu ndogo hana ulimi wa kuikemea kubwa. Na mzazi akae na mwanawe, amweleze kuwa elimu anayoifundishwa shuleni kuhusu moshi na salfa ni sehemu ya kuzisoma ishara za Mola wake, ilimradi asiishie kuhesabu kilomita akasahau kujihesabu nafsi yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa kwa majanga haya, awape subira walioharibikiwa, atujaalie kuwa waaminifu kwa amana ya ardhi aliyotukabidhi, na atupandishe katika jahazi la waliotubia kabla wimbi halijafika. Amin.

Wallahu aalam.